Viguu vya Gayageum

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Doha, mwanangu, na nikiikumbuka mikono bado inapoa. Nilikuwa msichana, nafanya kazi za nyumbani kwa Wakorea kule mtaa wa Al Sadd. Mwenzangu alikuwa Nalubega, Mganda aliyeacha mtoto wa kunyonya kwao.

Bibi wa nyumba ile tulimwita Halmoni, yaani bibi kwa lugha yao, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa na gayageum, ala yao ya zamani: ubao mrefu wa nyuzi za hariri, kila uzi umeegemea kiguu chake cha mbao. Viguu vile alivichonga marehemu baba yake. Vilisimama mshazari, kama bata bukini wanaoruka. Jioni hiyo wageni walikuwa wanakuja kumsikiliza akipiga.

Nalubega akapangusa vumbi. Akaona viguu vimekaa ovyo, akavinyoosha mstari mmoja, anadhani anasaidia. Nilipoingia nikaviona.

"Nalu, umefanya nini? Sauti yake inatoka hapo."

"Nilidhani watoto wameichezea. Nyamaza dada, navirudisha."

"Unakumbuka vilikaa wapi?"

Msichana wa ghorofa ya chini alikuwa amepandishwa ndege, akarudishwa kwao, kwa kuvunja bakuli tu. Nalubega akavisukuma huku anatetemeka, kiguu kimoja kikapinduka, kikakatika.

"Tuseme ni yule mjukuu mdogo," akaninong'oneza.

Mlango ukafunguka. Halmoni akatazama ubao, akatutazama sisi.

"Ni mimi," Nalubega akasema.

Halmoni akaokota kile kipande. "Kuvisogeza si kitu. Hata mimi navisogeza kila nikitaka kupiga. Ungeniita, ningevirudisha kwa sikio. Lakini hiki umekivunja ukinificha, na baba yangu hayupo wa kukichonga."

Jioni alipiga. Sisi tulikuwa jikoni na sinia mkononi, tunangoja kuitwa tufungashe virago. Kila alipofika kwenye ule uzi uliokosa kiguu, vidole viliuruka. Nalubega hakufukuzwa. Ila mpaka naondoka pale, Halmoni hakukubali kuwekewa kiguu kingine.

Sasa wewe unaanza kazi Jumapili, kwenye nyumba ya watu. Sikupambii maneno. Ukiharibu kitu kwa kutojua, toa mikono, mwite mwenyewe. Usikitengeneze ukiwa unatetemeka, na usimsingizie mtoto wa mtu. Utaogopa, najua. Ogopa, lakini sema.

Mungu akutulizie mikono, mwanangu, na akupe ulimi wa kusema "ni mimi" kabla mlango haujafunguka.