Raketi ya Wangila

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Wangila alijua tenisi. Hilo sijawahi kulikataa. Nilichokataa, tangu niolewe na Osewe, ni kwamba aliijua kumshinda mume wangu.

Wawili hao, na mwenzao Lazarus wa mtaa wa Satellite, waliajiriwa na klabu moja ya wakubwa, Nairobi. Kazi yao ilikuwa kucheza na wanachama waliokosa wenzao, na kazi hiyo ina adabu yake: unampigia mkubwa mpira anaoweza kuurudisha, ili aende nyumbani akijiona shujaa. Mwaka mzima walipiga mipira ya huruma. Desemba tu ndipo klabu ilipowaandalia shindano lao wenyewe, na hapo walitoana jasho kwelikweli. Sisi wake zao hatukuruhusiwa ndani. Tulisimama nje ya geti, na Musyoka, bawabu, akatuletea matokeo.

Mshindi alipewa kikombe. Wa pili alipewa chupa ya chai. Kwangu Lindi, ndani ya Kibera, nilikuwa na chupa nne.

Mama Vincent, mke wa Wangila, alivipanga vikombe vyake kwenye kabati la sebuleni kule Kawangware, kila kimoja juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, na mgeni hakuonja chai kabla ya kuonyeshwa. Nami nilionyeshwa. Nasema wazi, roho iliniuma, nikaviombea vile vitambaa panya. Sisi tulikuwa na kikombe kimoja tu, cha mwaka ambao Wangila aliugua malaria, na Mama Vincent hakuacha mtu asahau hiyo malaria.

Kawangware yote ilisema hakuna kama Wangila. Lindi ikasema Osewe. Watu wa Lazarus walisema kama si pombe kumharibu, hao wengine wangekuwa waokota mipira. Mimi hoja zangu nilizijua hata usingizini: Wangila ana nguvu za fahali, basi, Osewe anacheza kwa akili. Nilizisema kanisani, nilizisema nikiuza omena, dagaa wetu wa ziwani, na mteja aliyenibishia mkebe wake haukujaa.

Mwaka wa tisini na sita goti la Wangila likakataa, akastaafu. Sherehe ya kumuaga ilifanywa katika ukumbi wa kanisa, Kawangware. Wachezaji hao walikuwa na desturi yao: anayestaafu humpa raketi yake mpinzani aliyemwogopa kuliko wote. Haitolewi kwa urafiki. Nikajua siku hiyo ndiyo itakayomaliza ubishi, na Wangila mwenyewe ndiye atakayeumaliza kwa mdomo wake.

Nilinunua kitenge, nikamfunga Osewe tai.

"Mama Celine, hiyo ni raketi tu," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kama ni raketi tu, basi aniletee.

Tuliketi mbele. Mama Vincent alipita na sinia, akanichagulia chapati iliyopoa, nikaila nikitabasamu. Lazarus alikuwepo, amevaa koti na hajalewa, na hilo lilinitia hofu, maana mwaka mmoja alimchapa Wangila hadi Musyoka akaona haya kututajia matokeo.

Wangila alisimama na fimbo yake, raketi kwapani. Alianza na Lazarus. Alimsifu mkono wake, akasema mipira yake ilimharisha. Nikaiona raketi ikienda Satellite. Lakini akaongeza kuwa Lazarus ungeweza kumngoja achoke. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Huyu ndiye nilikuwa naogopa. Huyu akibanwa, anaanza kuimba. Polepole tu, wimbo ya kanisa, ya Kijaluo. Nikisikia hiyo wimbo, najua nimekwisha. Hata saa hii nikioga, inanijia."

Akauanza huo wimbo, maneno akiyavunjavunja kama Mbukusu asiyejua Kijaluo. Osewe akacheka, machozi yakamtoka, akainuka akaumalizia pamoja naye. Wakashikana mabega. Raketi ikawa yetu.

Watu wa Lindi walipiga viti, wengine wakapanda juu. Nami, niliyeingoja siku hiyo tangu niwe bibi arusi, nilishindwa hata kupiga kigelegele. Nyumbani kwangu Osewe haimbi. Kanisani hushika kitabu cha nyimbo akafunga mdomo. Nimempikia, nimemuuguza, nimemtetea mbele ya kila mnunuzi wa omena, na sauti yake alikuwa nayo Wangila.

Mama Vincent alikuja akasimama kando yangu, sinia tupu mkononi. Safari hii hakuwa na majivuno.

"Mama Celine, wewe ulijua huwa anaimba?"

"Huyo? Anaimba kila siku," nikamwambia. "Hadi majirani wanalalamika."

Akatikisa kichwa, akaenda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinionea wivu, na sikupata raha yoyote.

Tulipofika Lindi nilichemsha chai, nikamimina, nikamwomba Osewe aniimbie ule wimbo. Aliangalia kikombe chake. Akaanza, akakwama, akajaribu tena.

"Haikuji," akasema. "Ilikuwa inakuja nikiwa na Wangila tu."

Asubuhi alikwenda kazini. Nilikuwa nimeshapiga msumari ukutani, juu ya zile chupa nne, tayari kuitundika raketi. Niliishika kidogo, kisha nikaisukuma chini ya kitanda, mbali kabisa, nikaenda kuuza omena.