Nyumba ya Mama Halimo Ilivyogeuka Kaiti

Hii hata ukiapiwa hutaamini: nyumba ya vyumba vinne iligeuka kaiti, ile watoto hurusha kwa upepo, hapa Machakos mjini, mwenyewe akiangalia kwa macho yake, na kulikuwa na mtu pale ndani aliyejua sababu, akanyamaza kimya.

Saa mbili asubuhi, Kamanthe Nzomo anaketi mbele ya kompyuta, kwa ofisi ndogo iliyo juu ya duka la simiti. Anaandika namba, anapiga koma, anaandika namba ingine. Ukuta unanyooka kwa skrini. Anatabasamu peke yake.

Kamanthe ni mchoraji wa ramani za nyumba. Amechora miaka kumi na mbili, mingi kwa mkono, kwa ubao na rula. Mshahara ni elfu tisa. "Niko na watoto wawili na hii kazi," anasema. "Hakuna kingine."

Halafu mwaka jana, 2006, mkubwa wao Mzee Mutinda akaweka programu mpya kwa ile kompyuta moja ya ofisi. Akaajiri kijana mpya pia, Musili, mwenye cheti na viatu vya kung'aa.

Hapo ndipo wivu ulimshika Kamanthe. Chai ya Musili ilitangulia. Mzee alimwita "injinia". Na Musili naye alimwita Kamanthe "mwaitu", kama vile ni mama yake mzazi. "Nina miaka thelathini na nne," anasema. "Mwaitu ya nini?"

Kilichomuuma zaidi ni laini za ramani. Za Musili zilitii. Zake zilitoroka. Akichora chumba cha mita tano kwa nne, ukuta wa kwanza ulikaa sawa, wa pili ukaenda mshazari kama barabara ya kupanda vilima vya Iveti, wa tatu ukapotelea huko juu. Musili alikuwa anacheka chini chini, anamuuliza kama huyo mteja ni wa kuishi kwa ngazi.

Kamanthe aliamini kijana amemharibia mashine. Alimchunga vidole siku nzima, akijifanya anachonga penseli.

Kumbe shida ilikuwa kuhesabu tu. Kamanthe anahesabu kila pointi kutoka kona ya ploti, vile programu ya zamani ilimzoesha. Musili anahesabu kutoka pale laini imeishia. Ni kama kuelekeza mgeni: mmoja anaanzia sokoni kila mara, mwingine anaanzia pale mgeni amesimama. Programu mpya ilikuwa inasikiliza lugha ya Musili peke yake.

Siku moja Kamanthe alikuwa anapangusa makombo ya mandazi kwa kibodi, kitambaa kikabonyeza kitufe cha F12. Chumba alichochora baadaye kikatoka na kona nne safi. Akabonyeza tena, kikaharibika. Akabonyeza tena, kikapona: kumbe hicho kitufe ndicho kinageuza mashine isikilize lugha yake au ya Musili. Hakuambia mtu.

Mzee alikuwa ameshasema: atakayemalizia Mama Halimo ramani ndiye atabaki na kompyuta, mwingine arudi kwa ubao. Mama Halimo ni mfanyabiashara wa mifugo, na alikuwa anataka nyumba Mitaboni. Mzee akampa Musili aanze.

Ijumaa mama akaja kuona. Musili akaketi mahali Kamanthe alikuwa ametoka tu, akaandika namba zake kwa haraka, za kujionyesha. Laini zikakimbia. Badala ya chumba, kaiti ya watoto. Akafuta, akarudia. Kaiti.

Mama Halimo akainama kwa skrini. "Injinia, mimi nitalala kwa kona gani hapo?"

Musili alilowa jasho. Mzee alikohoa. Kamanthe, kwa ubao wake, alisikia utamu mpaka kwa meno. Angenyamaza dakika mbili zaidi, kompyuta ni yake.

Lakini mama akachukua mkoba wake, akasema kuna mchoraji mwingine kule chini. Hapo Musili akageuka, sauti ikiwa ndogo. "Dada Kamanthe, nisaidie."

Dada. Kamanthe akaenda, akamwambia asogee, akaziba kibodi na mgongo, akabonyeza. "Sasa chora."

Nyumba ikasimama. Mama Halimo akaketi tena. Na Mzee, unajua alipongeza nani? Musili.

Licha ya vile alisema, mpaka leo Mzee hajaamua nani abaki. Na kila Kamanthe akitoka kwa kiti anaiacha kompyuta vile anavyopenda yeye, na kila asubuhi Musili anamwita amsaidie. Ndoto yake ni kununua kompyuta yake mwenyewe na kufungua ofisi ng'ambo ya barabara. "Siku hiyo nitamwonyesha hicho kitufe," anasema. "Si kabla."

Anaambiwa hii itasomwa gazetini. "Andika tu. Musili akishika gazeti hufungua ukurasa wa mpira peke yake."

Na wewe msomaji, ungekuwa Kamanthe, ungemwonyesha?