Mwavuli Uliopinduka na Upepo

Fundi wa miavuli wa mji wa Semarang, Indonesia, neno likimpendeza hulirudia kwa sauti ya chini, kama anayeonja mchuzi, vidole vikiendelea na kazi. Wateja walipoadimika, mpwa wake Ratri alimtengenezea tovuti, akamuuliza watu watamtafuta mtandaoni kwa maneno gani.

“Andika ‘Tabibu wa Miavuli,’” akasema kwa madaha.

Ratri akacheka. “Mjomba, mtu kaloa chapachapa, atafute tabibu?”

Fundi akalirudia jina lile kwa sauti ya chini, maana alilipenda. Akanyoosha kijiti kimoja cha chuma cha mwavuli aliokuwa akiutengeneza, kisha akasema taratibu, “Basi andika: mwavuli umepinduka na upepo.”

Mvua ya kwanza ilimleta mwanamke kutoka upande wa pili wa mji, mwavuli uliopinduka mkono mmoja, simu yenye maneno yale yale mkono wa pili. Fundi akamvutia kiti. “Karibu, mama. Nilikuwa nakungoja.”