Dakika Tano za Baba

Niligombana na baba yangu kwa sababu ya dakika tano, na hadi leo sijaomba radhi.

Baba alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo, Kasulu. Wazee wake walitoka Tanga, wakaja bara kuuza vitambaa, na kila mwaka jamaa wa huko walimletea kalenda ya nyakati za sala. Kila mtu alijua jua la Tanga hututangulia kutua. Basi baba aliongeza nusu saa kwenye saa ya magharibi ya Tanga, akaadhini. Nani angembishia? Upande wa machweo tuna kilima, na mvua za Januari huleta mawingu mazito. Hakuna aliyeliona jua likizama.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi iliyohudumia kambi za wakimbizi, zetu na za Kibondo. Ramadhani ile wenzangu walipokwenda kula, mimi niliyefunga sikuwa na pa kwenda. Nikabaki na kompyuta na kitabu cha programu alichokiacha fundi. Ndani yake mlikuwa na zoezi la kukokotoa mawio na machweo ya mahali popote duniani. Nikapima longitudo na latitudo ya Kasulu kwenye ramani ya ukutani, nikaanza. Mara ya kwanza mashine ikaniambia jua la Kasulu linatua saa saba mchana. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe niliipa pembe kwa nyuzi, nayo huzitaka kwa kipimo kingine, radiani. Nikarekebisha, nikaijaribu kwa Tanga. Ikatoa saa ileile ya kalenda. Halafu Kasulu: saa moja na dakika kumi na tisa. Siku hiyo kalenda ya baba, pamoja na nusu saa yake, ilimwelekeza aadhini saa moja na dakika kumi na nne.

Nikampelekea karatasi yenye hesabu ile dukani kwake. Akaisoma, akaikunja mara nne.

"Mwanangu, unajua unasema nini? Unasema nimewafuturisha watu mchana, miaka yote hii."

"Nasema jua linakuwa halijatua, baba."

"Mashine haifungi. Habari hii isifike msikitini."

Niliogopa, maana anayefuturu kabla ya jua kutua hulipa siku hiyo, na aibu yote ingemwangukia yeye. Lakini hasira ilizidi woga. Angekuwa kaka yangu, mwanamume, ndiye aliyepiga hesabu ile, angalau angeulizwa amepata vipi.

Siku mbili baadaye mawingu yakafunguka. Tulikuwa uani mwa msikiti, wanawake upande wetu na sufuria za uji. Baba akatazama saa yake, akaadhini. Vikombe vikainuliwa. Mimi nikairudisha tende yangu kwenye sahani.

"Mbona huli, mwanangu?" akauliza jirani yetu, mama wa Kiha aliyeketi kando yangu.

"Tazama kule, mama."

Juu ya kilima kingine, cha mashariki, mabati ya shule yalikuwa yanang'aa, mekundu.

"Kama jua limetua," nikasema kwa sauti, wanaume wasikie, "nani anayamulika mabati yale?"

Mzee mmoja akanikemea, akasema msichana hasimamishi futari ya watu. Nikarudia swali langu, kwa sauti zaidi. Yule mama akageuka, akatazama, akaitika kwa Kiha, "Ego. Ndiyo, jua bado lipo."

Watu walisimama na vikombe mkononi, wakiitazama shule waliyoizoea. Mwanga ukahama kutoka kwenye mabati, ukashika vilele vya mikaratusi, kisha ukatoweka.

Baba hakuwa amekunywa chochote. Akaweka kikombe chake chini, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaisoma, akatazama saa. Kisha, mbele ya wote, akarudi mahali pake, akaadhini upya.

Ndipo nilipokula tende yangu.