Majina Ambayo Wegesa Hatamki

Wegesa hakuwa mtu wa kuogopa wezi. Mtu aliyezaliwa Nyanungu akianza kuogopa wezi wa ng'ombe, atalala lini? Yeye alijipanga tu. Dhahabu ilipopanda bei na watu wakamiminika Kewanja kuchimba, akajenga vyumba vya kupangisha upande wa barabarani, na kodi yote akaigeuza ng'ombe. Ng'ombe hao walikuwa na kazi yao: mahari ya Erasto, mwanawe wa mwisho, fundi wa simu kule Mwanza. Wakiibwa hao, Erasto haoi, na yeye, mjane, hana pa kuanzia tena.

Erasto ndiye aliyemfungia waifai, na kamera juu ya zizi, ili mama atazame mifugo kwenye simu hata akiwa shambani.

"Mama, chagua neno la siri. Usimwambie mtu."

Akachagua fahaliradi. Na hakumwambia mtu, haki ya Mungu! Ila Radi ndiye dume lake, na kila asubuhi akifungua zizi alimsifu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: "Fahali Radi! Fahali Radi, toka wakuone!" Wapangaji walikuwa hapo hapo wakipiga mswaki. Angefanyaje? Dume lisiposifiwa, anayeaibika ni mwenye zizi. Haikuchukua muda wapangaji wakawa wanatazama mpira kwa intaneti ya mama. Alijua, akacheka. Intaneti si maziwa, alisema, kwamba wakinywa wao yeye atakosa.

Kicheko kilimkauka siku ya mnada. Dalali mmoja asiyemfahamu alimsogelea akitabasamu.

"Hongera mama. Nasikia yule mweupe kazaa. Jike, tena lina doa kwenye paji."

Kwao Wegesa, ndama mchanga haonyeshwi mgeni mpaka kitovu kikauke. Yule ndama alikuwa amefichwa kwenye kona ya zizi, hajaonwa na yeyote ila Wegesa mwenyewe na kamera. Kumbe kuna mtu anayahesabu mahari ya mwanawe kwa jicho alilolitundika yeye mwenyewe! Akampigia Erasto.

"Mama, usiniambie na kamera uliiwekea neno hilo hilo."

"Sasa niweke mangapi? Dume ninalo moja!"

Erasto akashusha pumzi, kisha akamwelekeza hatua kwa hatua. Kisanduku cha waifai kiwe na neno lake, na kamera iwe na la kwake, yote marefu, yaliyochanganywa na tarakimu. Wapangaji wafunguliwe njia yao ya wageni, isiyofika kwenye kamera.

"Na safari hii, mama, weka maneno ambayo mdomo wako hauwezi kuyatoa hata kwa bahati mbaya."

Wegesa akawaza, akayapata. Tangu aolewe hajawahi kutamka jina la baba mkwe wake. Mke wa Kikurya halitamki, awe hai mzee au awe kaburini. Akaliandika kwenye kisanduku, na tarakimu nyuma yake. Kwenye kamera akaweka la mama mkwe, nalo la mwiko vile vile. "Mnisamehe wazee wangu," akanong'ona. "Ni kwa ajili ya mjukuu wenu."

Kesho yake wapangaji wakajaa mlangoni. "Mama, mtandao umekata!" Akawapa neno lao la wageni, wakaondoka wakishukuru. Wa mwisho kuja alikuwa Nashoni, mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa akikaa chumba cha pembeni bila kodi tangu shimo alilochimba liishiwe dhahabu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

Akapewa neno, simu yake ikashika. Hakuondoka. Akajikuna shingo.

"Na ile kamera ya zizi, mama mkubwa, imeharibika?"

Wegesa akageuka kuitazama. Taa yake ilikuwa inawaka kama siku zote. Mtu aliyesimama uani angeapa hakuna kilichobadilika.

"Ni nzima," akasema. "Umejuaje wewe kwamba haionyeshi?"

Nashoni akaisukumia simu mfukoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, na ilimuuma Wegesa kuliko kama ng'ombe wangeondoka kweli. Wegesa ndiye aliyembeba mgongoni kijana huyu utotoni, mama yake alipougua. Sasa alihitaji kupiga yowe moja tu. Kewanja yowe la wizi wa ng'ombe halisubiri polisi. Watu wangefika na mapanga kabla hajavuta pumzi ya pili. Nashoni alilijua hilo. Alikuwa anautazama mdomo wa mama yake mkubwa, jasho likimtoka.

Wegesa hakupiga yowe. Aliingia ndani, akarudi na ugali, maziwa na maji ya kunawa.

"Kula. Ukimaliza funga mizigo uende kwenu. Na jina lako, tangu leo, sitalitamka tena."

Nashoni akanawa mikono, akala akilia.