Siku Tano za Kumzoeza Tika Mkanda

Mama Priscille Bolamba alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa mwaka wa tatu wakati shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao, Tonton Lionel, alipopiga hodi. Ilikuwa Jumatatu, baada ya masomo. Shefu hakuketi. Mtoto mmoja ameumwa na mbwa huku kwetu Mangobo, akasema, kwa hiyo kuanzia Jumamosi mbwa yeyote asiyevaa mkanda shingoni na kufungwa kamba atauawa kwa fimbo.

“Hata Tika?”

“Mama mwalimu, hata ya kwangu.”

Tika alikuwa mbwa mwekundu, mwembamba, mwenye mkia uliojikunja, wa aina ile isiyobweka. Alikuwa wa Désiré, mdogo wake Priscille, mwindaji wa barabara ya Yangambi, aliyefariki mwezi wa pili. Familia iligawana baiskeli, mabati na bunduki. Priscille, mjane asiye na mtoto, aliomba mbwa, na watu wakamcheka. Hakuwa na kitu kingine kilichowahi kumfuata mdogo wake msituni.

Kabla giza halijaingia alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwa fundi viatu na mkanda wa ngozi wenye pete ya chuma. Alifunga mlango, akamvisha.

Tika aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alikimbilia mlango, akaukwaruza, akarudi kuvuta pindo la kitenge cha Priscille kwa meno, akaukimbilia tena. Sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, ikapinduka. Priscille alimvua upesi. Anaogopa, alifikiri. Anakabwa.

Jumanne aliulegeza mkanda hadi vidole viwili vikapita chini yake. Mambo yakawa mabaya zaidi. Upande wa pili wa ua, jirani yake Khadija akapaza sauti:

“Mama Priscille! Uko unachinja mbuzi humo ndani?”

“Ninamufundisha Tika kuvaa mukanda.”

“Aa, Tika ndiye anakufundisha weye! Na asikuje kunipaka mate yake, niko na udhu.”

Jumatano, darasani, Priscille aliandika hesabu ileile mara mbili ubaoni. Watoto walitazamana, kisha wakacheka. Alipotoka shuleni hakungoja kufika nyumbani. Akiwa njiani alimpigia simu Carlos, aliyekuwa akiwinda na Désiré, akamweleza yote.

Carlos alicheka hadi akakohoa. “Yaya, dada yangu, haiogope! Iko na furaha! Huku tunaifunga kengele ya mti shingoni siku ya kuwinda tu. Donc, wewe unaifunga kitu shingoni, kisha unafunga mulango! Inaona umechelewa. Inakwambia chukua nyavu, twende.”

Priscille alisimama kando ya barabara, simu sikioni, baiskeli zikimpita huku na huku. Siku mbili nzima alikuwa akimpa pole mnyama aliyekuwa akimhimiza.

Basi alianza upya. Aliuweka mkanda sakafuni kando ya sahani, mbali na mlango. Aliketi chini, kwa sababu akisimama, Tika naye husimama. Aliugusisha shingoni bila kuufunga, akampa kipande cha samaki mkavu. Kisha akaufunga, akahesabu hadi kumi, samaki tena, akamvua kabla hajainuka. Alhamisi walifika dakika moja. Ijumaa Tika alikula chakula chote akiwa amevaa, kisha akainua shingo, akingoja kufunguliwa. Aliyeshindwa kutulia sasa alikuwa Priscille. Kila mara alitaka kwenda dirishani kutazama nani anapita, na kila mara alijizuia.

Jumamosi asubuhi Tonton Lionel alifika na wanaume wawili wenye fimbo. Khadija alisimama uani kwake, leo hakutania. Ndani, Tika alilala amevaa mkanda, kamba ikiwa imefungwa kwenye mguu wa meza. Mmoja wa wanaume akagonga kizingiti kwa fimbo. Masikio ya Tika yakasimama. Misuli ya mapaja ikajikaza. Alimtazama Priscille.

Priscille aliketi polepole sakafuni, mbele ya wageni, akanyoosha mkono wenye samaki. Tika alitazama mlango, akatazama mkono. Akala.

“Bon,” shefu akasema, akiandika kwenye daftari lake. “Lakini mama, huo mukanda usitoke shingoni. Hata siku moja. Nikimukuta bila mukanda, ni vilevile.”

“Hata ndani ya nyumba?”

“Mulango unafunguka, mama.”

Wakaenda nyumba ya pili. Priscille aliusukuma mlango, akageuka. Tika alikuwa amemaliza samaki wake. Aliinua shingo kama alivyofundishwa, akamwelekezea mahali pa kufungulia, akangoja. Priscille aliificha mikono nyuma ya mgongo. Alizunguka meza mara moja, mara mbili, kisha akaanza kutafuta kipande kingine cha samaki.