Boga la Nazi na Giza la Chooni

Jamani, nimepiga mswaki mpaka fizi zinauma na bado nasikia choo mdomoni.

Nisikilizeni kabla sijamfukuza mtu.

Huku Guangzhou, China, ni sikukuu ya mwezi, majirani wanachonga taa za maganda ya balungi. Rehema, binti ninayeishi naye, akaiga kwa boga. Akalikomba, akalitoboa nyota, akatia mshumaa. Likapendeza, sikatai.

Halafu balbu ya choo ikaungua. Boga likahamia chooni, juu ya tangi la maji. Siku zote hizi tumejisaidia kwa mwanga wake.

Leo nimepata mgeni, Mama Nasra, katoka Dar kununua vitambaa. Rehema akatupikia boga la nazi. Tamu! Nikaongeza. Juu kulikuwa na kitu cheupe kimeganda, nikajua ni tui zito. Nikamuwahi mgeni, nikakitafuna.

Mgeni kaondoka, nikaenda chooni. Giza totoro.

"Rehema, taa iko wapi?"

Nikapapasa juu ya tangi. Patupu.

"Rehema!"

"Dada, si umeila?"

Eti lilianza kulegea, akaona litaoza bure. Eti aliliosha. ALILIOSHA!

Na kile cheupe?

"Mshumaa uligoma kubanduka wote, dada."

Yaani nimekula nta. Ya chooni. Na nimeigombania! Ptuu!

Sasa hivi Mama Nasra kanitumia ujumbe wa sauti. Anaongea huku anatafuna. Anasema kiporo nilichomfungia kimezidi utamu.

Nimwambie, au nimuache amalize?